Kipande cha Mama

Mwenyekiti wa chama chetu aliniambia kwamba wimbo wa Kihindi hauna nafasi katika ukumbi wa Waafrika. Nikamwuliza ukumbi ule ulikuwa wa Waafrika tangu lini, maana mimi nijuavyo ufunguo huwa tunauchukua kwa mama mmoja wa Kiswidi pale manispaa, na Jumatatu tunamrudishia ukumbi ukiwa umepigwa deki. Hakucheka. Alikuwa kijana msomi, anasomea uchumi, na alikuwa na mtindo wa kukuita "ndugu" pale tu anapotaka kukunyima kitu.

"Ndugu," alisema, "sisi tumo katika kujenga taifa. Hizo nyimbo za sinema ni kasumba."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, na namshukuru Mungu kwamba sikummwagia. Kasumba niliijua. Kasumba ni kufika Stockholm ukaanza kuyaonea haya yale yaliyokulea kwenu. Lakini siku hiyo sikuwa na haja ya kubishana juu ya taifa. Nilikuwa na mdogo wangu wa kumwoza, na wimbo ule ndio kitu pekee mama yetu alichoagiza.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi na mume wangu tulikuwa tumehamia Tensta, katika majumba mapya ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka na nje yake matope kila upande. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa haijafika. Tulipanda basi hadi Spånga, ndipo tukaunganisha. Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wangu alinifuata kuja kusomea uuguzi, akakutana na fundi umeme kutoka Mombasa, wakapendana, na wazee wa pande zote mbili wakaridhia. Mama hakuweza kuja. Alituma maneno kwa mtu aliyekuwa akisafiri: "Mtoeni mwanangu kwa wimbo wetu, na msiuache na tundu."

Ili uelewe tundu ni kitu gani, inabidi nikupeleke Tanga kwanza.

Mara moja kwa wiki, mchana, jumba la sinema lilikuwa la wanawake watupu. Tuliita zanana. Mwanamume haingii, isipokuwa yule mwendesha mashine, na yeye alifungiwa huko juu kwenye chumba chake. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, na visheti, na njugu. Mabuibui yakavuliwa na harufu ya marashi ikajaa kote. Tulilia kwa sauti bila haya. Tuliwatukana mawifi wabaya waliokuwa kwenye picha kana kwamba wanatusikia. Lakini wimbo ukianza, kila mtu ananyamaza, kwa sababu sasa ilikuwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha hukaa siku chache, kisha huondoka, na nyumbani santuri hatuna. Wimbo mzima hauingii kichwani kwa mara moja, tena kwa lugha usiyoijua. Basi kabla ya kuingia, mama aligawa. "Wewe chukua mwanzo. Mimi nachukua katikati. Mwisho ni wa wote." Ukishapewa kipande chako, hicho ndicho unachokitegea sikio, vingine viache vipite. Sinema ikiisha mnarudi nyumbani midomo imefungwa. Hakuna kusalimiana na mtu njiani. Ilikuwa kama kubeba ndoo iliyojaa pomoni, ukitikisika tu maji yamekwenda. Majirani walitujua. Wakituona tunapita bila kujibu salamu walisema, "Hao wametoka zanana," na hawakuona vibaya. Tukifika uani tunafungua midomo, vipande vinaungwa, na kuanzia hapo wimbo ni wa nyumbani.

Wimbo wa kutoka tuliupata hivyo. Bibi harusi anaondoka kwa baba yake, anageuka kuutazama mlango. Kihindi hatukukijua, lakini macho tulikuwa nayo. Mimi, msichana wa shule, nilipata mwanzo. Mama alichukua katikati. Mdogo wangu alikuwa mgongoni amelala, kwa hiyo hakupata kitu. Tangu hapo kila bibi harusi wa mtaa wetu alitolewa kwa wimbo huo, na sheria yake ilikuwa moja tu: kipande kina mwenyewe. Hakiimbwi na mwingine. Mwenyewe akiwa hayupo, wote wananyamaza kwa muda ule ule wa kipande chake, kisha wanaendelea. Hata siku yangu mimi, kwa kuwa bibi harusi haimbi, mwanzo uliachwa kimya na wakaanzia kwa mama.

Hilo ndilo tundu. Tundu la mwanzo si neno, watu hudhani wimbo haujaanza. Tundu la katikati ni jambo jingine kabisa. Mtoto amesimama mlangoni, na pale mama yake anapotakiwa kumuaga, hakuna sauti.

Kipande cha mama nilikijua vizuri. Nilikuwa nimekisikia tangu utotoni. Lakini kila nilipojaribu kukiimba pale jikoni Tensta, ulimi ulikataa. Mdogo wangu alinitazama, akaweka kisu chake chini.

"Acha, dada. Unamwibia mama naye yu hai."

Sasa nije kwenye chumba cha kufulia. Kila jengo la Tensta lilikuwa na chumba cha chini chenye mashine za wote, Waswidi wanakiita tvättstuga, na mlangoni kuna ubao wa saa. Ukitundika kikufuli chako kwenye saa fulani, saa hiyo ni yako. Hata waziri mkuu akija na soksi zake atangoja. Niliwapenda Waswidi kwa jambo hilo kuliko mengine yote. Basi Jumamosi moja nikashuka na kapu langu, nikakuta mashine zinazungusha nguo za mtu mwingine ndani ya saa yangu. Mwenyewe alikuwa mama wa Kihindi, amevaa sweta nzito juu ya sari, ameketi kwenye benchi amenipa mgongo, anaimba kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumgombeza kwa Kiswidi. Nikaufunga. Alikuwa akiimba kipande cha mama.

Hakuimba wimbo mzima. Aliimba kipande hicho tu, akakimaliza, akakirudia, kama mtu aliyekwama hapo.

Nilingoja afike mwisho wake. Kisha, nikiwa nimesimama na kapu kiunoni, nikaimba mwanzo, ule wangu. Aligeuka kama ameona jini.

"Dada, wewe natoka wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Tanga."

"Mimi Jinja." Akaruka kwenda kuangalia mashine. "Pole, pole sana. Nguo yangu iko karibu kwisha. Mimi nilisahau saa."

Walikuwa wamefukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenzao, wakapitia kambi, wakaletwa Sweden. Mumewe aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi sasa alipakia makasha kwenye ghala. "Jinja mimi nilikuwa na mtu wa kufua," alisema huku akitoa mashuka. "Hapa mimi mwenyewe ndio mtu wa kufua."

"Na huyo mtu wako wa kufua," nikamwuliza, "ulimkaribisha kiti?"

Alisimama na shuka mkononi linadondosha maji. "Hapana," alisema.

Sikumwambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu. Tanga kulikuwa na duka moja la vitambaa la Mhindi ambako mama yangu alihudumiwa dirishani, wakati wengine waliingia ndani na kuletewa chai. Nilimweleza hayo yote, na sikuyapunguza. Baadaye akanisaidia kuingiza nguo zangu kwenye mashine, nami sikumzuia.

Halafu akanichokoza. "Lakini dada, wewe naimba vibaya. Neno hii si hivyo."

"Huko kwenu," nikamjibu. "Kwetu linaimbwa hivi hivi, na limeshawaoza wasichana wengi kuliko lako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza kwa nini anapenda kipande kile peke yake. Akasema alikwenda sinema Jinja, akiwa mwari bado hajaolewa, yeye na mama yake, na hapo ndipo mama yake alipokuwa akilia. Vingine amevisahau, hicho hakikumtoka.

Nilipanda ngazi mbili mbili na nguo mbichi. Huyu mama hakukitoa kipande kwa mama yetu. Alikipata mwenyewe, kwenye kiti chake mwenyewe, kwa masikio yake mwenyewe, kama sisi tulivyopata vyetu. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kukiimba bila kuiba, ni yeye. Nilimwambia mdogo wangu.

"Mhindi?" alisema, akanitolea macho. Akafikiri. "Anajua kuimba?"

"Anajua."

"Mlete."

Hapo ndipo maneno yalipofika kwa mwenyekiti, na sasa nilikuwa na makosa mawili badala ya moja. Wimbo wa Kihindi, na Mhindi wa kuuimba. Ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa jina la chama, naye alikuwa amewaalika Waswidi wa kamati ya mshikamano na Afrika, watu wazuri wenye sweta za kufuma na viatu vya wazi, na alikuwa amewaahidi ngoma ya asili. Mpiga ngoma mwenyewe alikuwa Mswidi mwenye ndevu aliyejifunza kwenye kozi ya jioni. Nilimwambia mwenyekiti: huyu ndugu yako wa ndevu akipiga ngoma ni utamaduni, mimi mtoto wa Tanga nikiimba alichoniimbia mama ni kasumba. Hebu nieleze, wewe ndiye msomi.

"Watu watasema nini?" ndilo jibu alilokuwa nalo.

Watu walikuwa wameshasema. Baadhi ya wanawake wetu walinifuata mpaka nyumbani. "Hao walitunyonya," mmoja aliniambia, na hakusema uongo. Nilimjibu: "Yule wa dirishani simtetei hata kidogo. Namwalika huyu wa kwenye mashine." Waliondoka wamenuna. Bwana harusi peke yake ndiye aliyesema jambo la kunifurahisha. "Wimbo huo kwetu Mombasa hata kuku waujua," alisema. "Imbeni, mie ntarekodi." Alikuwa amenunua kinasa sauti cha kaseti na hakuachana nacho.

Mara ya mwisho kabla ya harusi, mwenyekiti alinisimamisha kituo cha basi. "Ndugu, ukianza ule wimbo, nitaamuru ngoma ipigwe."

"Piga," nikamwambia, nikapanda basi langu.

Ndoa ilifungwa asubuhi nyumbani kwetu. Mchana tukahamia ukumbini, pilau kwenye masufuria makubwa, sambusa, watoto wanakimbizana wakisemeshana Kiswidi. Wageni wa mshikamano waliketi safu ya mbele. Mama wa Jinja alikuja, kama alivyoahidi, lakini hakuingia. Alisimama pale pa kutundikia makoti, karibu na mlango wa nje, koti lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimwonyesha kiti. Akatikisa kichwa. Wanawake wetu walimwona na hakuna aliyemwambia karibu, na nilipandwa na hasira juu yao, na kidogo juu yake pia.

Wakati wa kumtoa bibi harusi ulipofika, nilisimama nikaanza. Sikuwa nimemaliza mstari wa kwanza mwenyekiti akanyoosha kidole, na Mswidi wetu akaanza kupiga. Alipiga kwa nguvu, maskini, akidhani ananisaidia. Nami sikuacha. Niliuimba mwanzo wangu juu ya ngoma ile mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, nikaufikisha mwisho wake. Kisha nikanyamaza.

Wanawake waliojua walinyamaza nami. Hata wale walionuna walinyamaza, maana wengi walikuwa wa pwani na sheria ya vipande waliijua tangu kwao kama mimi. Mpiga ngoma aliangalia huku na huku, akaona ukumbi mzima wa akina mama umesimama tuli, akaacha kupiga mwenyewe. Alikuwa na adabu kuliko aliyemtuma.

Ukimya ukawa mrefu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, hina mikononi, kichwa ameinamisha kama inavyotakiwa. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Nilikuwa nimegombana na kila mtu ili mtoto huyu asitoke na tundu, na sasa tundu lilikuwa hilo, mbele ya watu, tena kwa mkono wangu.

"Ndugu," mwenyekiti akasema, "tuendelee na ratiba."

"Kipande kina mwenyewe," nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia. "Tunamngoja."

Nilimtazama yule mama kule kwenye makoti. Sikumwita, sikumpungia. Nilimtazama tu. Akaanza kufungua vifungo vyake, kimoja kimoja, akalivua koti, akalitundika mahali pake. Akaimba.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya mama, na alitamka Kijinja chake, si Kitanga. Hakumwangalia bibi harusi. Aliuangalia mlango wa nje. Mimi nilikuwa nimeusikia wimbo ule kwenye harusi nyingi na kila mara nilidhani ni wa msichana anayekwenda kwa mume. Siku hiyo niliuona mlango wenyewe, mlango wa nyumba ya Jinja, na mtu anautazama kwa mara ya mwisho huku askari wanamhimiza. Mdogo wangu aliinua kichwa, jambo ambalo bibi harusi halifanyi. Akamwendea na kuweka paji la uso wake begani kwa yule mama, na mikono yake yenye hina ikaishika ile sari.

Mwisho ni wa wote, na tuliupokea wote. Vigelegele vilianza kabla hatujamaliza. Waswidi walisimama wakapiga makofi wakidhani ni ngoma ya asili, na hawakukosea. Nikamtupia jicho mwenyekiti. Midomo yake ilikuwa ikiufuata wimbo. Mtoto wa Pangani yule. Naye alibebwa mgongoni kwenda zanana kama sisi sote, tena maneno aliyajua kuliko mimi.

Mwaka uliofuata maharusi walikwenda Tanga kuonekana na wazee, wakachukua kinasa sauti na kaseti ya siku ile. Mimi nilibaki na roho juu. Nilikuwa nimempa mtu kipande cha mama bila idhini yake, tena nimempa Mhindi, na mama ndiye aliyesimama juani kwenye lile dirisha, si mimi. Nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Ningemwambia kwamba ikibidi ningefanya tena.

Walirudi na kaseti nyingine, ya mama. Mdogo wangu alikataa kuniambia imebeba nini. "Mkaisikilize pamoja," alisema. Nikaipeleka kwa mama wa Jinja, ambaye sasa alikuwa rafiki yangu na alikuwa na kiti jikoni kwangu kama nilivyokuwa na kiti kwake. Tulikiweka kinasa sauti cha shemeji mezani kati ya vikombe vya chai.

Mama alikohoa. Akatusalimu, akataja waliofariki na waliozaa. Kuku wakalia. Kisha akasema, "Haya," na nikajua uani wamekusanyika. Ukaja ukimya, na huo niliutambua mara moja: ni wangu, mimi niliye mbali. Niliimba mwanzo wangu juu ya ukimya ule, taratibu, nikaumaliza na kungoja sauti ya mama iingie na katikati.

Haikuingia. Nilidhani kaseti imeharibika, nikanyoosha mkono. Lakini kuku walikuwa bado wanasikika, na kengele ya baiskeli huko njiani, na karibu kabisa na kinasa sauti, pumzi ya mama. Alikuwepo. Alikuwa amekaa pale pale na amenyamaza, na wanawake wote wa uani wamenyamaza naye.

Rafiki yangu alinitazama, hakuelewa.

"Anakungoja," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini na kuimba. Aliimba hadi mwisho wa kipande chake, kwa Kijinja chake, na alipofika tu neno la mwisho, mama na wanawake wa Tanga wakaingia pamoja nasi.